Sanduku Lisilo Kwenye Orodha

Mamba Myamba,
14 Mei 2024

Kumb. Na. ZM/MAHARI/7

Bwana Fanueli,
Mshenga wa upande wa Tomaso,
Same Mjini.

YAH: REDIO ITAKAYOCHUKUA NAFASI YA NG'OMBE WA TATU

Salamu katika jina la Bwana. Sisi ni wazima. Masika yametuachia tangawizi nzuri na barabara mbaya.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa kondakta wa basi la asubuhi, nikaisoma mara tatu. Kabla sijaijibu, nikukumbushe kwa nini nakuandikia na sikupigii simu, maana najua huko mjini mnanicheka. Maneno ya simu hayana saini. Kabla sijastaafu nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeona watu wazima, wenye mvi, wakikana mbele ya hakimu maneno waliyoyasema juzi yake. Na katika miaka yote hiyo sijapata kusaini kwamba nimepokea kitu ambacho hakipo mbele ya macho yangu. Sitaanzia kwenye mahari ya binti yangu.

Sasa kwenye hoja. Kikao cha mwezi wa tatu kilikubali kwamba ng'ombe wa tatu abadilishwe kwa redio kubwa ya nyumbani yenye spika mbili, kwa kuwa mimi sina tena nguvu za kumkatia ng'ombe majani. Hilo nililiomba mwenyewe, silikani. Lakini leo unaniandikia kwamba kijana ataiagiza Japani "ili kuokoa hela". Bwana Fanueli, maduka ya redio hapo Same yametazamana barabara nzima. Mtu anayeyaruka yote hayo, akaenda kununua ng'ambo ya bahari kwenye duka asilolijua, kwa muuzaji asiyeweza kumshtaki, ana nini? Tena kuokoa hela kwenye mahari! Rogathe ni kitinda mimba wangu. Sikumlea kwa bei ya punguzo.

Na huyo Tomaso mwenyewe simjui kwao. Ninachojua ni kwamba baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huko tambarare, akafia huko huko. Mambo yakiharibika nitamwendea nani wa ukoo wake?

Nataka maelezo, kwa maandishi.

Zephania Mbwambo,
baba wa binti


Same Mjini,
18 Mei 2024

Mzee wangu Zephania,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma huku nashona, na matokeo yake nimeshona mkono wa shati la mtu penye shingo. Mwenye shati akija nitamwambia ni kesi ya kwenu.

Mzee, watani wetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wakisikia hii ya kwetu watasema safari hii tumeuza ng'ombe ili tupate kesi ya redio. Tusiwape la kusema.

Maelezo ndiyo haya. Tomaso ni fundi magari, hilo unalijua. Yeye na wenzake huagiza vipuri kutoka Japani, giaboksi na bampa na taa, vinakuja kwenye kontena moja. Katikati ya vipuri nafasi ya kupenyeza redio haikosekani. Kwa hela ambayo hapa Same ingenunua sabufa tu, zile zinazovuma ukuta mzima na kupasuka kabla ya Krismasi, kule anapata redio ya watu wanaojua kusikiliza. Ya aina hiyo akiitaka dukani atoe ng'ombe wawili na bado aombe apunguziwe. Anachookoa hakiweki mfukoni. Kitanunua mablanketi ya shangazi zake Rogathe, mazito, siyo yale ukiyainua unamwona jirani.

Kuhusu kwao: mama yake yuko Maore, analima mpunga, mtu wa kanisa. Tomaso nimemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule. Mambo yakiharibika, usihangaike kutafuta ukoo. Njoo kwangu.

Mimi,
Fanueli, fundi cherehani na mshenga wako


Same Mjini,
31 Julai 2024

Mzee wangu Zephania,

Shikamoo. Najua miezi hii miwili na nusu umeihesabu siku kwa siku. Mzigo umefika!

Kesho mzigo utapanda na basi. Kuna maboksi matatu, la redio na mawili ya spika, pamoja na kifurushi kimoja kizito nilichokifunga kwenye gunia. Vitu vinne. Mimi na wazee wawili tutapanda Jumamosi ya tarehe kumi, tufungue mbele ya pande zote mbili kama ilivyo desturi. Maelezo mengine tutapeana hapo hapo. Mwambie Mama Rogathe makande yake nimeyaota.

Fanueli


Mamba Myamba,
2 Agosti 2024

Kumb. Na. ZM/MAHARI/11

Bwana Fanueli,

YAH: KITU KILICHOZIDI

Maboksi matatu nimeyapokea na kuyasainia. Kifurushi cha nne nimekirudisha kwa kondakta yule yule.

Orodha ya mahari, ambayo wewe na mimi tumeisaini kila ukurasa, inasema redio moja na spika mbili. Haisemi kitu cha nne. Nimelifungua gunia, nikakuta sanduku dogo la chuma kitupu, zito kuliko jiwe la kusagia, halina jina wala maelezo ninayoweza kuyasoma. Kitu kisicho kwenye orodha kinaingiaje nyumbani kwangu?

Usidhani ni ukali. Mwaka 1994 niliandika mwenendo wa shauri la mzee mmoja aliyeletewa mbuzi wa ziada kwenye mahari ya binti yake. Akanyamaza, akamfuga. Baada ya miaka sita ndoa ikavunjika, na upande wa pili ukadai yule mbuzi hakuwa mahari bali amana, warudishiwe yeye na watoto na wajukuu wake. Mzee alirudisha mbuzi kumi na saba. Mimi ndiye niliyewahesabu.

Kilichozidi kina mwenyewe. Kaeni nacho.

Zephania Mbwambo


Same Mjini,
5 Agosti 2024

Mzee wangu Zephania,

Shikamoo. Sanduku limerudi, nimeliweka chini ya cherehani. Haidhuru, nitapanda nalo mwenyewe Jumamosi.

Nimesikia tangazo la kwanza la ndoa limesomwa jana kanisani kwenu na hakuna aliyeweka pingamizi. Bado mawili. Mungu akipenda, tarehe thelathini na moja tutakula pilau.

Jambo moja, Mzee, na nakuomba sana. Maboksi hayo yasifunguliwe hata kidogo kabla sijafika. Hata gundi isiguswe. Sababu nitakueleza tukiwa pamoja.

Fanueli


Mamba Myamba,
8 Agosti 2024

Kumb. Na. ZM/MAHARI/12

Bwana Fanueli,

YAH: UDANGANYIFU

Kikao cha Jumamosi nimekifuta. Usipande.

Boksi kubwa gundi yake ilikuwa imelegea kwa sababu ya safari na joto la huko kwenu, likafunguka. Nililoliona ni hili. Redio ina mikwaruzo ubavuni. Stika ya nyuma, ya maandishi ya Kijapani, imechubuka. Na juu yake kuna alama ya mviringo, mahali ambapo mtu alikuwa akiweka kikombe chake cha chai miaka na miaka. Redio hii imetumika, Bwana Fanueli. Mmeniletea mtumba kwa ajili ya binti yangu.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini redio yenyewe haitoi sauti. Ni kimya. Imekufa.

Sasa naelewa kwa nini gundi haikutakiwa kuguswa. Ulitaka tuifungue mbele ya wazee, katikati ya vigelegele, ambapo mtu mwenye haya hawezi kuuliza kitu. Wewe ulijua. Na kama ulijua, sijui wewe umepata nini hapo katikati, maana mshenga hapandi mlima kwa ajili ya makande peke yake.

Nimemwandikia Mchungaji asisome tangazo la pili Jumapili hii. Rogathe nimemkataza kupokea simu ya huyo kijana. Nilisema tangu mwezi wa tano kwamba rahisi ni ghali, nikaonekana mkorofi.

Zephania Mbwambo


Mamba Myamba,
10 Agosti 2024

Kaka Fanueli,

Salaam. Barua hii mzee haijui. Nimempa jirani anayeshuka Same na tangawizi, naomba ukishaisoma uichome kwenye jiko la pasi yako.

Leo mlikuwa mje. Makande nilikuwa nimeshayaloweka, nikayapika hivyo hivyo, yamekaa.

Nakueleza nilichokiona, kisha nitakuuliza swali. Jumanne ilikuwa zamu yetu ya maji ya bwawa la ndiva. Mimi na Rogathe tukashinda shambani tukiyageuzia kwenye tangawizi, mzee akabaki peke yake. Tuliporudi madirisha yote yalikuwa wazi na nyumba inanuka plastiki iliyoungua. Mzee amesimama katikati ya sebule anapunga hewa kwa faili la mahakama. Namuuliza kuna nini, ananiambia alichoma mahindi. Mahindi gani? Jiko lilikuwa baridi, paka amelala juu ya jivu. Na mezani kulikuwa na kasha la ile CD ya kwaya ya vijana, tupu, CD haimo.

Mimi sijui mambo ya redio, kwa hiyo nikafagia jivu, nikawasha jiko. Lakini kesho tangazo halitasomwa, na usharika mzima utageuza shingo kututazama. Rogathe hali. Jana ameniuliza, "Mama, kwani Tomaso ni mwongo?"

Ndiyo nakuuliza wewe uliyemshonea kaptula. Huyo kijana ametudanganya? Kama ametudanganya niambie, nitamwambia binti yangu mwenyewe, alie yaishe. Kama hajatudanganya, basi tusaidie, kaka yangu. Mume wangu namjua. Jambo akishaliandika hajui njia ya kulifuta.

Asteria, mama yake Rogathe


Same Mjini,
13 Agosti 2024

Mzee wangu Zephania,

Shikamoo. Siku tano nimekaa na barua yako ya tarehe nane. Nilikasirika, sikufichi. Neno lile la kupata kitu hapo katikati liliniingia. Halafu nikaona kabla sijakudai wewe ukweli, nianze kutoa wa kwangu.

Ni kweli nilijua redio imetumika. Wajapani wakichoka na kitu huuza kingali kizima, na hapo ndipo unafuu wenyewe unapotoka. Orodha haikusema mpya, lakini mimi nilijua wewe unafikiria mpya, nikanyamaza. Niliogopa maswali yako, Mzee. Hilo ni kosa langu la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Siku Tomaso aliponikabidhi mzigo aliniambia hivi: "Baba Fanueli, waambie wazee redio isichomekwe ukutani moja kwa moja. Umeme wa Japani ni mdogo, haufiki hata nusu ya wetu. Lazima ipitie kwanza kwenye hili sanduku la chuma, ndilo linaupunguza umeme. Ikichomekwa bila sanduku itaungua." Maneno hayo nilitakiwa niyaandike siku ile ile. Nikasema aa, mambo ya ufundi tutayasema tukiwa tumeketi. Uliporudisha sanduku bado nikanyamaza, nikakuandikia tu kwamba usiguse gundi. Nikimwandikia hivyo karani wa mahakama nategemea nini? Mimi mwenyewe ningefungua.

Sasa sikiliza. Kama redio ilifika kwako imekufa bila kuchomekwa popote, basi Tomaso ametuletea maiti, na mimi nitakuwa shahidi wako wa kwanza. Nitasimama mbele ya Mchungaji na wazee, niseme kijana niliyemleta ni tapeli, na ndoa haipo. Lakini kama ilichomekwa ukutani, imeungua, na kosa ni la mimi niliyefunga mdomo. Kijana hana hatia. Kifaa kilichoungua kinabadilishwa, fundi redio wa hapa sokoni anasema ni kazi ya siku mbili.

Fundi huyo huyo anaweza kufungua mfuniko akasema ni lipi kati ya hayo mawili. Chuma kilichoungua hakijui kuficha. Ila mimi sitaki nilisikie kwa fundi. Nataka kulisikia kwako.

Tangazo la pili lisiposomwa Jumapili hii ya tarehe kumi na nane, la tatu halitawahi, na ndoa ya tarehe thelathini na moja imekwisha. Tomaso bado hajui umemwitaje. Barua yako sijamwonyesha. Anafikiri Mchungaji amesafiri.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninakungoja.

Fanueli


Mamba Myamba,
15 Agosti 2024

Ndugu yangu Fanueli,

Barua hii haina namba ya kumbukumbu, na nakala yake sitaiweka.

Gundi haikulegea. Niliikata mimi, kwa kisu cha mke wangu cha kumenyea ndizi. Uliposema isiguswe, nilivumilia siku moja. Kesho yake wanawake walipokwenda kwenye maji nikafunga mlango na komeo, mtu mzima wa miaka sabini na mbili, nikafungua mahari ya binti yangu bila shahidi. Kosa kama hilo ningelimwandikia mtu mwingine kurasa nne.

Nilichomeka ukutani. Nikaweka ile CD ya kwaya ya vijana, kwenye wimbo ambao Rogathe anaanzisha peke yake. Nilitaka kujua nyumba hii itakuwaje akishaondoka. Ndiyo sababu niliomba redio, Fanueli. Yale maneno ya majani niliyatunga kikaoni, maana ningewezaje kusema mbele ya wazee kwamba ninaogopa kimya? Watoto watano wamepita humu ndani. Yeye ndiye wa mwisho anayeimba akiosha vyombo. Ng'ombe hajui kuimba.

Na kijana wako alichagua vizuri, hilo nalisema kwa haki. Sauti ile! Rogathe alikuwa pale pale sebuleni. Nilimsikia anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Aliimba ubeti mmoja, na alipoanza wa pili redio ikanyamaza katikati ya neno, moshi ukatoka mgongoni mwake.

Sasa nikuambie kitu kibaya kuliko uongo wa mahindi. Moshi ulipotoka, nilifurahi. Nilikuwa nimepata sababu. Kijana tapeli, mzigo mbovu, ndoa imekufa, mtoto anabaki nyumbani. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa naitafuta sababu hiyo, ndiyo maana nilimuuliza kila mtu kuhusu Kigoma na mkonge, na hata sanduku lako la chuma nililirudisha kwa furaha. Nikasimama nikipunga faili huku moyo wangu umetulia. Halafu Rogathe akaingia na matope hadi magotini, akaniangalia, akasema, "Baba, unaumwa?" Nikaona haya ambayo sijapata kuyaona. Na bado baada ya siku mbili nikakaa nikakuandikia ile barua. Ile ya kukuuliza umepata nini. Nisamehe, kama unaweza.

Jana barua yako ilipofika niliwaita mama na binti wote wawili, nikawasomea, kisha nikawaambia yote kama nilivyokuambia wewe. Mke wangu hakushtuka hata kidogo, jambo ambalo limenishtua mimi. Rogathe alilia kwanza. Kisha akasema, "Lakini baba, si ungeniambia tu niimbe?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka thelathini na mmoja ya kusikiliza mashahidi, na hilo sikuwa nimelifikiria.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mchungaji kwa miguu yangu mwenyewe, sikumwandikia. Tangazo litasomwa Jumapili. Rogathe ameruhusiwa simu yake, na tangu ruhusa itoke hajaishusha sikioni. Redio nitaishusha na basi la Jumatatu, ikatengenezwe. Barua yangu ya tarehe nane usimwonyeshe mkwe wangu. Ichome.

Orodha ya mahari nimeitoa kwenye faili na kuirekebisha. Chini ya spika mbili nimeongeza: sanduku moja la chuma, la kupunguza umeme. Mbele yake nimeandika "Limepokelewa", nikasaini, nikaweka tarehe ya leo.

Najua bado liko chini ya cherehani yako.

Zephania, baba yake Rogathe